Mwanza–Mtwara kwa ndege: angani masaa mawili na nusu, safari nzima ni siku

Kwa wale mnaoulizaga Mwanza mpaka Mtwara kwa ndege ni masaa mangapi, mimi nimetoka kuisafiri wiki iliyopita naenda kwa mama mkwe. Ukipima mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,190 hivi, ila sikupata ya moja kwa moja, nikapitia Dar. Na Dar wala sio kuzunguka, Mwanza–Dar ni kama 850, Dar–Mtwara kama 400, yaani umeongeza kilomita 60 tu. Kinachokula muda ni kusubiri.

Nilitoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri, tukaruka saa 1 asubuhi, saa 2 na dakika 25 tuko Dar, jeti, imetulia, hapo sina neno.

Tabu ilianzia Dar maana nilifuata bei nikakata tiketi mbili za kampuni mbili tofauti, kwahiyo mzigo hauunganishwi, unaupokea kwenye mkanda unatoka nje unapanga tena foleni ya ukaguzi. Nilikuwa na boksi la sato waliogandishwa, nimelizungushia salotepu ya kahawia mpaka karatasi haionekani, kufika kaunta ya pili naambiwa kilo zao ni chache kuliko za kule nilikotoka, nikalipia ziada hapo hapo. Afu ndege ya saa 5 na nusu ikasogezwa mpaka saa 7 na dakika 40, hamna tangazo hamna meseji, mpaka nimeenda mwenyewe kumuuliza dada wa kaunta. Ndege kuchelewa inaeleweka, ila watu waambiwe jamani, pembeni yangu kulikuwa na mama ana kichanga na maji ya moto ya maziwa yameshamwishia, hiyo iliniuma sana.

Dar–Mtwara ni ndege ya pangaboi, sio jeti, saa moja tu. Kaeni dirisha la kulia, mtaiona Rufiji inavyogawanyika matawi matawi kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini, mimi sikuitoa macho.

Nyumbani kwa mama mkwe, Shangani ya hapo Mtwara, nimeingia saa 9 na robo alasiri. Karibu masaa 11, na angani ni masaa mawili na dakika 25 tu!

Bado ningepanda tena, maana kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,600 na unalala njiani, na barabara ya kusini mvua ikizidi sio ya kuiamini, mwezi wa 5 mwaka 2024 baada ya kimbunga Hidaya ilikatika kule Somanga, mkoa wa Lindi, watu wakakwama. Ila kateni tiketi moja mpaka mwisho hata kama imezidi bei kidogo, mzigo ukaguliwe Mwanza muuone Mtwara, na kabla hamjalipa angalieni masaa ya kukaa Dar.

Sato walifika bado wagumu, mama mkwe kawapika siku hiyohiyo kwa nazi.