Chokaa badala ya rangi ya plastiki kwenye jengo la zamani: uzoefu wangu, Dodoma

Nimetumia chokaa ya mfuko kwenye nyumba ya mawe ya enzi za Mjerumani hapa Dodoma, iliyokuwa imepakwa rangi ya plastiki ya nje, ile inayosifiwa kuwa haipitishi maji. Chokaa naipa nyota nne kati ya tano. Ile rangi ni nzuri kwa tofali za saruji, ila kwa ukuta wa aina hii haipati hata moja.

Kuta hizi hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishalowesha udongo, maji hupanda ukutani na chumvi yake. Chokaa huyaacha yatoke na kukauka. Plastiki huyanasa, chumvi inaganda nyuma yake na rangi inavimba malengelenge. Bandua moja: utakuta unga mweupe, na lipu inamomonyoka kwa kidole. Kupiga skimu (lipu nyembamba ya kulainisha) na kupaka upya ni kuficha tu.

Kwanza shusha udongo wa nje uwe chini ya sakafu. Kwangua rangi kwa skrepa na brashi ngumu, grainda usiguse. Lipu ya saruji itoke, irudishwe ya chokaa, moja kwa mchanga tatu. Chumvi ifagie ikiwa kavu, maana ukiiosha inarudi ndani. Subiri ukuta ukauke, kiangazi.

Loweka ndoo moja ya chokaa kwa mbili za maji, ilale usiku, chuja kwa kitambaa, kisha ongeza maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Loanisha ukuta, piga mikono (matabaka) minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu. Weupe unakuja ikikauka. Ukipaka nzito inapasuka.

Nyota iliyokosekana ni ya jua na upepo wa huku. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na hilo linataka unyevu. Ikikaushwa haraka inabaki vumbi. Paka upande wenye kivuli, tundika magunia mabichi, nyunyizia maji kidogo kesho yake.

Mafundi wengine hutia chumvi ya jikoni ili ishike. Kwenye ukuta huu? Kataa. Mfuko wenye madonge magumu nao urudishe dukani, hiyo chokaa imeshakufa, haishiki tena. Vaa miwani na glovu, inaunguza. Na kwenye korido inachafua nguo za wanaoegemea.