Makumbusho ya Reli Nairobi: nenda na mtu aliyefanya kazi ndani yake

Mara ya kwanza nilienda Makumbusho ya Reli peke yangu, nikarudi na picha mia mbili za chuma. Mara ya pili, Julai iliyopita, nilienda na Baba. Nilipiga picha arobaini tu, na hizo ndizo nitakazoziweka.

Baba ni mzaliwa wa Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa faiamani, yaani mtunza moto, kwenye injini za mvuke ziitwazo Garratt, za aina ya 59, kati ya Nairobi na Mombasa. Pale makumbusho zipo mbili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Ziliundwa na Beyer, Peacock ya Manchester, na zote 34 za aina hiyo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upareni. Reli ilikuwa moja wakati huo, Kenya, Uganda na Tanganyika, na ukisoma vile vibao vya majina unaiona ramani yote.

Ukitoka stesheni kuu ni mwendo mfupi wa miguu. Nawashauri mfike lango linapofunguliwa, tena siku ya mawingu. Wapiga picha wengi hukimbilia jua, lakini kwa magarimoshi jua la saa sita linaharibu kila kitu: paa la kibanda linameta, na magurudumu yanazama kwenye kivuli cheusi. Mawingu ya Julai hapa Nairobi yanaupitisha mwanga hadi chini ya tumbo la injini, kwenye mikono ya pistoni, mahali ambapo kazi ilikuwa inafanyika. Mimi hubeba pia shuka jeupe la kitanda. Nalitandaza chini, kando ya reli, nalo linarudisha mwanga juu. Nilieleza langoni kwamba nina shuka na stendi, wakanielewa vizuri.

Tatizo lako kubwa litakuwa urefu. Mount Gelai ina zaidi ya mita 30, uzito wake ni tani 250 hivi, na haiwezi kuenea kwenye fremu moja isipokuwa kwa lenzi pana inayozipinda ncha zake kama ndizi. Msifanye hivyo. Tembeeni sambamba nayo, hatua tatu tatu, mkipiga vipande kwa umbali uleule, kisha muviunge kwenye kompyuta. Nilipata vipande kumi na moja, na ndipo nikaelewa umbo lake. Garratt si injini moja. Ni injini mbili zenye magurudumu yake, na boila imening'inizwa katikati. Kwa hiyo boila inaweza kuwa nene sana bila kuibebesha reli mzigo wote mahali pamoja, na ikifika kwenye kona kila upande unageuka kivyake. Ndiyo maana iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, kwenye reli yenye upana wa mita moja tu.

Hayo mtu anaweza kuyasoma. Lakini Baba alipopanda kwenye kibanda, alisimama kimya, akaweka mkono juu ya koki moja bila kuitafuta.

"Hii ni ya mafuta," akaniambia. "Watu wanadhani tulikuwa tunapiga sepetu za makaa. Hapana, mwanangu. Hizi zilikuwa zinachoma mafuta. Ukifungua sana, moshi mweusi, na dereva anakugombeza. Ukibana sana, nguvu ya mvuke inashuka mkipanda mlima."

Akanionyesha tundu dogo kwenye mlango wa tanuru. Walikuwa wanarusha mchanga pale injini ikiwa inavuta kwa nguvu. Mvuto wa moshi uliuchukua ule mchanga, ukakwangua masizi ndani ya mabomba. Nilikuwa nimelipiga picha tundu hilo mara ya kwanza, nikaandika chini yake "tundu". Sasa nimeandika sentensi sita.

Behewa namba 12 msilipite haraka. Ndilo ambalo simba aliingia usiku pale stesheni ya Kima, mwaka 1900, akamtoa afisa wa polisi Charles Ryall kupitia dirishani. Wageni wengi wanamchanganya simba huyo na wale simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli. Hao waliuawa mwaka 1898 na wako Chicago. Pigeni picha dirisha lenyewe, mkiweka kitu cha kulinganisha ukubwa. Mimi niliweka kofia ya Baba.

Neno kuhusu kuhifadhi. Chuma kilichosimama nje kinabadilika kila msimu wa mvua, na rangi mpya ikipakwa inafunika alama za zamani. Basi pigeni vibao vya mtengenezaji, namba zilizogongwa kwa nyundo, mahali ambapo rangi ya damu ya mzee imebanduka. Andikeni tarehe na upande. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu negativu (filamu za picha) za Baba za kazini tulizipeleka kwenye duka moja mjini kusafishwa, zikarudi zimekwaruzwa mistari toka mwanzo hadi mwisho. Sikuwa na nakala. Siku hizi naziweka negativu juu ya kioo chenye taa chini yake, nazipiga kwa kamera mwenyewe, na kila faili inakaa sehemu tatu.

Kama una saa moja tu, nenda moja kwa moja kwa Gelai. Kama una siku nzima, ingia kwanza kwenye jengo, utazame vitu vidogo, kisha utoke nje wakati wageni wamepungua. Kwangu hapa ni mahali bora kabisa Nairobi pa kupiga picha za mashine, na sijui pengine ambapo mzee wa miaka 76 anaweza kuingia tena kazini kwake.

Shengena sikuimaliza, jua lilitoka. Tunarudi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na safari hii Baba anamleta jirani yake wa zamani wa Makongeni, aliyekuwa dereva kwenye injini za aina ya 30. Ipo moja pale, 3020 Nyaturu. Nimeshafua shuka.