Trei za kuotesha majani ya simbilisi: miezi minne ya kuzitumia, haya ndo niliyoyaona

Simbilisi wangu wako watatu, wametoka Njombe kwa bibi yao watoto. Kule wanafugwa jikoni, wanakula maganda na majani ya shambani na mwisho wao kila mtu anaujua, ila wanangu walivyowaona tu wakawapa majina, na mnyama akishapewa jina hiyo nyama nani atakula? Tukarudi nao Dar.

Sasa mimi nakaa Sinza, ghorofa ya pili, bustani yangu ni kibaraza cha kuanikia nguo. Mwanzo nilikuwa namlipa kijana mmoja anayekatia watu majani ya ng'ombe aniletee kafuko, lakini majani ya barabarani unajua mwenyewe, moshi wa magari, mbwa wamekojolea, pengine kuna mtu kapuliza dawa jana yake, mmoja akaharisha siku mbili nikasema hapana. Ndo nikaona tangazo la hizi trei mtandaoni, seti ya trei nne na pakti ya ngano, elfu thelathini na tano, bodaboda juu yangu.

Awamu ya kwanza nilichemka vibaya. Karatasi ya maelekezo ilisema loweka masaa 24, jaza trei, funika na mfuniko wake. Nikafuata kama nilivyoambiwa, siku ya nne nafunua nakutana na harufu ya togwa lililochacha na ukungu wa kijivu pande zote, nikatupa zote nne. Huenda hayo maelekezo yameandikwa kwa nchi ya baridi, kwa joto letu hili ukifunika hivyo umetengeneza kiwanda cha ukungu.

Ya pili nikabadilisha. Naloweka jioni, asubuhi nachuja, natandaza mbegu tabaka moja tu zisipandiane, juu naweka kitambaa chenye unyevu mpaka zichipue halafu nakitoa, nasuuza asubuhi na jioni na maji yatoke yote yasituame chini, feni inapita kwa mbali. Siku ya nane majani yanapita urefu wa kidole, kijani mpaka unatamani kula wewe.

Halafu kuna kitu kilinitisha bure, siku ya tatu utaona vinywele vyeupe kwenye mizizi ukadhani ukungu tena, subiri usitupe. Puliza maji, vikilala na kupotea hiyo ni mizizi tu, ukungu hauondoki kwa maji na harufu yake inakuambia. Ukiona ni ukungu kweli tupa trei nzima, usijaribu kukata kipande kizuri uwape.

Pakti ilipoisha nikanunua ngano nzima ya kula sokoni kwa kilo, inaota vizuri tu. Zile mbegu za duka la kilimo zenye rangi ya waridi au nyekundu achana nazo, zimepakwa dawa. Na usipate wazo la kuotesha mtama kwa sababu ni rahisi, mzee wangu ni mtu wa Dodoma aliniwahi mapema, mtama mchanga una sumu, wafugaji wanajua ng'ombe wanavyokufa wakiingia shamba la mtama uliotoka kuchipua.

Kilichonivunja moyo kidogo ni hesabu. Trei moja inakula robo kilo ya ngano na hawa watatu wanaimaliza siku mbili, mi nilidhani nitaacha kununua hei, zile nyasi kavu, kumbe wapi! Majani haya mengi ni maji, simbilisi meno yake hayaachi kukua maisha yake yote na yanasagika kwa kutafuna nyasi muda mrefu, kwa hiyo robota la hei liko palepale, majani ni ya kuongezea, na hoho kila siku kwa ajili ya vitamini C maana hawawezi kujitengenezea mwilini, kama sisi tu. Na uwazoeshe kidogokidogo, wiki ya kwanza konzi moja, ukiwamwagia trei nzima matumbo yatajaa gesi.

Ngano yenyewe ukiikata inaota tena mara moja, nyembamba nyembamba, kisha basi. Ndo maana mwezi wa pili nikachukua vipande vya ukoka kwa binamu yangu Goba nikapanda kwenye beseni bovu lenye udongo na samadi iliyooza, ulichukua kama mwezi kushika, ila sasa nakata upande huu, upande ule unakua, hela sitoi. Kusema ukweli beseni limenifaa kuliko seti nzima.

Kwa hiyo trei nazipa tatu kwa tano. Ukiwa na haraka ya majani ndani ya wiki zinafanya kazi, ila elfu thelathini na tano ni nyingi, beseni pana la plastiki ukilitoboa kwa msumari wa moto unapata kitu kilekile. Plastiki yake nayo laini, moja ilipasuka kwa jua kabla mwezi haujaisha, muuzaji akanijibu "ni matumizi dada" akanyamaza.

Na ujiandae na kelele. Wameshaujua mlio wa bomba nikisuuza ngano saa kumi na mbili asubuhi, wanaanza miluzi wote watatu mpaka jirani wa chini aliwahi kuuliza tunafuga ndege gani. Ile trei iliyopasuka nilitaka kuitupa, lakini dume letu nene limeshaifanya kitanda.