Ruzuku ya teknolojia ya SNAP: nzuri, lakini ukubwa wake uujue mapema

SNAP ni mpango wa Marekani wa msaada wa chakula. Sheria yake inaruhusu ruzuku za hadi dola milioni 5 kwa mwaka, zote kwa pamoja, kurahisisha uombaji na uhakiki wa wanaostahili. Ruzuku hutolewa na Wizara ya Kilimo, na si majimbo pekee yanayoweza kuomba; hata mashirika yasiyo ya faida yamo.

Tunaipenda kwa sababu inagusa panapouma. Jimbo lina siku 30 kuamua ombi la kawaida na 7 kwa kaya yenye dharura, na muda mwingi huliwa na hati zilizokosekana au simu ya usaili isiyopokelewa. Ukurasa wa kupakia picha ya hati kwa simu, au ujumbe mfupi wa kumkumbusha mtu siku ya usaili, ni kazi inayoenea vizuri kwenye fedha hizi. Kubadili mfumo mzima wa jimbo haiwezekani, usijaribu.

Anza na usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaoomba fedha zake, upate UEI, yaani namba ya utambulisho wa shirika yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Usajili huweza kuchukua wiki kadhaa, na lazima uhuishwe kila mwaka. Ukiisha muda, umekwama.

Shirika lisilo na makubaliano ya kushirikiana data na jimbo hujenga kitu kizuri kisichounganishwa popote. Pata barua ya jimbo ya kukubali kushirikiana nawe kabla ya kuandika bajeti. Gharama za matengenezo baada ya ruzuku kwisha nazo ziwe na mlipaji anayejulikana, maana hapo ndipo miradi mingi hufia.