Chumba cha ushauri, kituo cha afya huku Eastlands, Nairobi: nimemaliza vikao vitano

Hii naandikia wenye kichwa kinauma kila siku na vipimo vinatoka safi. Mimi nauza nguo Gikomba. Karibu mwaka mzima kifua kinanibana, moyo unaenda mbio saa tisa usiku, tumbo linachoma, nikipanda matatu natetemeka mikono. Kemisti alinipa dawa ya taifodi mara tatu. Nikapimwa malaria, presha, sukari, hakuna kitu. Nyumbani wananiambia ni mawazo tu, niombe, na jameni nilikuwa naomba kila siku.

Aliyenituma huko ni yule mama wa afya anayepita ploti zetu nyumba kwa nyumba, alinikuta nimejifungia gizani mchana.

Laini ni ndefu, nilifika saa moja asubuhi nikaonwa saa tano. Lakini ukishaingia kaunsela hana haraka na wewe. Alitoa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, kula, kuchoka, kujiona umefeli watu wako, kila swali unajibu sifuri mpaka tatu kwa hivyo jumla haiwezi pita 27. Mimi nilipata 16. Akaniambia hiyo ni depresheni na inatibika, si uvivu wala si kukosa imani. Nililia hapo hapo.

Swali la tisa linauliza kama umefikiria ni afadhali ufe. Nilinyamaza sana. Nilikuwa naogopa nikisema ukweli ataita polisi, maana nimekua nikijua mtu akijaribu kujiua anashtakiwa. Akaweka kalamu chini, akanieleza Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kinaenda kinyume na katiba, na pia kuwa na mawazo hayo haijawahi kuwa kosa. Ndio nikajibu. Kwa dakika hiyo moja tu namshukuru mpaka leo.

Vikao ni vitano, kimoja kwa wiki. Unafundishwa kupumua kwa tumbo polepole, halafu unapanga shida zako, zenye unaweza tatua na zenye huwezi. Rent nilikuwa nimeiweka kwa zile siwezi, akaniuliza umeongea na keateka, yule msimamizi wa ploti? Sikuwa nimeongea. Nikaongea, akanipa wiki mbili. Mzee wangu kufutwa kazi, hiyo nikaiacha upande ule mwingine, na usiku huo nililala mpaka asubuhi. Vidonge nilipewa pia na daktari wao, wakanionya mapema havishiki siku hiyo hiyo, ni wiki kadhaa, na usiache ghafla ukiona uko sawa. Mara moja viliisha pale nikanunua nje kwa pesa yangu, hiyo iliniuma.

Kitu chenye kinaharibu ni benchi. Iko mbele ya dirisha la dawa, juu ya mlango wameandika AFYA YA AKILI herufi kubwa, mtaa wote unakuona umekaa hapo. Kuna mwanaume nilimwona mara mbili akiinuka na kuondoka kabla aitwe, na sura yake ilikuwa ya mtu amechoka kabisa. Wangetuchanganya tu na laini ya kawaida tuitwe kwa namba, haigharimu chochote.

Nyota nne. Wakihamisha hiyo benchi nitarudi niongeze ya tano, na kama wewe ndio yule mwanaume, enda tu saa nane mchana, watu huwa wachache.