Spitfire ya Airfix ya 1/24: maoni ya mchoraji wa matatu, Kisumu

Mchana kazi yangu ni matatu. Napuliza rangi, nachora nyuso na majina ubavuni, kisha napiga klia. Karakana yetu iko upande wa Kibuye, hapa Kisumu. Usiku najenga ndege za plastiki. Kwa muda mrefu nimejenga zile za 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, zinazokaa kwenye kiganja, na sasa nimeingia kwenye skeli kubwa kwa mara ya kwanza. Seti niliyochagua ni ya kampuni ya Airfix, kipimo cha 1/24, iliyotoka mwaka wa 2022: Spitfire Mk.IXc, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia (Mk ni toleo).

Nimeipenda sana, na mtu akiniuliza aanze na ipi, hii nitaitaja bila kusita. Ila kuna jambo lazima alijue kabla hajatoa pesa. Modeli kubwa si modeli ndogo iliyonenepeshwa. Kwenye ndogo, kinachoonekana nje ndicho kazi yenyewe. Kwenye hii, kilichofichwa ndani ndicho kinachoamua nje itakaaje.

Tuanze na hesabu. Mabawa ya Spitfire halisi yana upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Kwa 1/72 hiyo ni kama sentimita 15 na nusu, na kwa 1/24 ni karibu 47. Upana umeongezeka mara tatu, lakini eneo la kupaka rangi limeongezeka mara tisa. Praima ni mara tisa, na msasa vilevile. Kichupa kidogo kinachomaliza ndege nzima ya 1/72 hapa hakimalizi hata upande wa juu. Na meza nayo: mpaka umalize, utahitaji nusu mita ambayo watoto hawaifikii.

Kuipata kwenyewe ni safari. Mimi sijaona duka la Kisumu linalouza seti za aina hii. Yangu aliibeba shemeji kwenye sanduku lake la nguo akitoka Uingereza. Ukiagiza mtandaoni, jiandae kulipa zaidi ya shilingi 15,000 kabla ya nauli, halafu ushuru, halafu VAT ya asilimia 16. Sanduku lake ni kubwa, na wasafirishaji hutazama ukubwa pamoja na uzito. Ndani mna vipande zaidi ya 400. Hamna gundi wala rangi. Maelekezo yanataja rangi kwa namba za Humbrol, na rangi za mafuta hushika moto, kwa hiyo kuzisafirisha kwa ndege ni shida. Mimi nilinunua akriliki za kawaida, nikachanganya kijivu na kijani kwa jicho huku picha za rangi za jeshi la anga la Uingereza ziko mbele yangu. Hilo ndilo nililofanya maisha yangu yote kwenye milango ya matatu, kwa hiyo halikunitisha.

Sasa ndani. Kwenye 1/72 unapaka kiti cha rubani, unafunga bodi, unagundisha mabawa, umemaliza. Hapa chumba cha rubani kinajengwa kwa fremu zake, ukuta wa nyuma ya injini unakaa mahali pake, injini inaning'inia mbele ya ukuta huo, na mhimili wa mabawa unapita chini ya yote. Kila kimoja kinategemea kilichotangulia. Mapaneli bita, wale mafundi wa kunyoosha bodi za magari, watanielewa: gari lililogongwa hunyooshwa chesisi kwanza, la sivyo mlango hautafunga hata ukipigwa nyundo wiki nzima. Fremu moja ikiinama unene wa kucha, utakuja kuliona jambo hilo mbele kabisa, boneti inapokataa kukaa.

Kwa hiyo kila hatua niliifanya kavu kwanza: vipande vikashikwa kwa tepu ya karatasi, nikatazama mstari wa juu wa bodi kwa jicho moja, nikavitoa, ndipo nikaweka gundi. Na kuna jambo ambalo maelekezo hayawezi kulisema kwa sauti ya kutosha, yaani rangi ina unene. Ukipaka fremu pande zote kisha ukaunganisha, umeongeza tabaka mbili katikati ya kila kiungo, na baada ya viungo kadhaa injini imesogea. Kwangua rangi sehemu zote zinazogusana. Gundi ya plastiki nayo inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki mbili ziwe moja, haishiki juu ya rangi.

Plastiki yenyewe ni laini, inakatika vizuri, na vishikio vinavyounganisha kipande na kiunzi kilichokuja nacho sandukuni ni vinene. Kata mbali na kipande kwa koleo dogo, kisha punguza kwa wembe mpya, kisha msasa. Usikate karibu mara moja.

Injini ndiyo iliyonifanya nilale usiku wa manane. Ni Merlin nzima, injini ya Spitfire, silinda kumi na mbili zilizopangwa kwa V; ile halisi ni ya lita 27. Jirani yangu kwenye karakana ni mekanika wa malori, akaja akasimama juu yangu.

"Omera, hii injini ni ya nini kama ndege yenyewe hairuki?"

Nikampa aishike. Akahesabu ekzosi, sita kila upande. Akaigeuza nyuma, akagusa ile sehemu ya mviringo. "Hii ni tabo."

Nikamwambia si tabo, ni supachaja, ingawa zote mbili husukumia injini hewa. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, lakini hii inazungushwa na injini yenyewe kwa gia. Na kwenye Merlin 61 ziko mbili zikifuatana, ya kwanza ikisukumia ya pili hewa, kisha kuna intakula ya kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Intakula anaijua vizuri, anazifungua kila wiki. Akakaa chini. Tukazungumza mpaka stima ikapotea.

Na hiyo supachaja ndiyo sababu ya Mk.IX kuwepo. Waingereza walikuwa na Mk.V, toleo la awali la Spitfire, Wajerumani wakaleta ndege yao ya kivita Fw 190 ikawazidi, na badala ya kungoja ndege mpya wakachukua bodi ya Mk.V wakaitia injini hii. Ikaanza kazi katikati ya 1942. Kwenye modeli unayaona mabadiliko hayo kwa vidole: propela ya pangaboi nne, pua ndefu zaidi, na rejeta mbili kubwa chini ya mabawa, moja kila upande. Kwenye skeli ndogo mambo haya nilikuwa nayapaka tu bila kuuliza. Mtu akiniuliza kama inafaa kulipa pesa yote hiyo, jibu langu liko hapa.

Amua mapema kama boneti itakuwa wazi au imefungwa. Mimi nimeiacha wazi upande mmoja.

Kwa wenzangu wa rangi za magari nina neno. Msilete thina ya gari karibu na plastiki hii ikiwa uchi. Ni polistairini, na thina kali huila, uso unakunjamana na ile mistari midogo ya paneli inapotea. Weka praima ya akriliki kwanza, iache ikauke kabisa. Kama lazima utumie rangi ya gari juu yake, puliza ukungu mwembamba mara nyingi, usiloweshe. Filla ya gari ile ya kuchanganya na hadina nayo ni ngumu kuliko plastiki: ukipiga msasa, plastiki inaliwa na filla inabaki mlima. Kwa nyufa ndogo natumia supa gluu na kuipiga msasa mapema kabla haijakomaa. Msasa wa 400 ni mkali mno hapa. Anza na 800, kisha 1000, malizia na 2000 kwa maji. Zote ziko Kibuye.

Halafu kuna Kisumu yenyewe. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi, hufuata taa, na bawa la sentimita 47 lenye rangi mbichi chini ya balbu ni kitanda chao. Rangi napuliza asubuhi, dirisha likiwa na wavu, taa imezimwa. Msimu wa mvua, hewa ikiwa nzito, klia inaota ukungu mweupe. Siku kama hiyo nashika kazi nyingine.

Stika za maji ni safi kabisa, zimechapishwa na Cartograf wa Italia, nyembamba, zinalala kwenye mistari ya paneli bila kubishana. Mimi ni mtu wa kuchora kwa mkono na bado nimezisifu.

Niseme na ninalotamani. Hapa kwetu ndipo zilipotua zile ndege za maji za Short Empire za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, kuanzia 1937, zikitoka Southampton kwenda Durban, na Kisumu ilikuwa kituo. Mabawa yake yalikuwa na karibu mita 35. Kwa 1/24 ingekuwa karibu mita moja na nusu, haiingii mlangoni. Lakini kwa 1/72 ingekuwa sentimita 48, karibu sawa na Spitfire hii. Kampuni ikiitoa kwa uangalifu huu, mimi ni wa kwanza kwenye foleni.

Kwa anayenunua Spitfire hii sasa: pamoja nayo nunua gundi nyembamba ya plastiki, wembe mpya, koleo dogo, na mkebe mkubwa wa praima, si mdogo. Propela usiigundishe, iache iingie na kutoka, maana ndiyo huvunjika kwanza ndege ikihamishwa. Na kabla hujafikia stika, pita kwa fundi wa vioo, yule anayetengeneza matangi ya samaki, umwagize sanduku la kioo la sentimita 60 kwa 50. Vumbi la barabara yetu haliondoki juu ya rangi isiyong'aa, ukilifuta linaacha alama.