Haidroksiklorokwini na deksamethasoni: dawa mbili za zamani mbele ya UVIKO-19

Zote mbili zilikuwa kabatini miaka mingi kabla ya 2020. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria na lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), ilikimbiliwa kwanza kwa sababu ilizuia virusi kwenye seli za maabara. Lakini chupa ya maabara si pafu la mtu. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, la dawa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa hospitalini, lilipoipima, ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 ya waliopewa na asilimia 25 ya wasiopewa. Haikusaidia. Na wagonjwa wa lupasi walioitegemea wakaikosa madukani, jambo linaloniuma hadi leo.

Deksamethasoni haigusi virusi. Inatuliza kinga ya mwili inapopitiliza na kuanza kuunguza mapafu yenyewe. Miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, zilishusha vifo vya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41 hadi 29. Nayo ni dawa ya bei ndogo! Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida, hivyo kuimeza nyumbani kwa kikohozi tu ni kosa. Hapo wakati wa kuitoa ndio kila kitu.